Chupa Bubu: Maneno ya Kumuaga Shemeji Yangu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Maji, mgeni wetu rasmi. Mwenyekiti wa Bodi pamoja na wajumbe wako. Wakuu wa idara mliowahi mkakaa hapa mbele, na mliochelewa mkaishia kule karibu na mlango. Watumishi wote wa maabara, wa mabomba, wa mita na wa ofisini. Kaka yangu Mhandisi. Wanangu, yaani watoto wa kaka yangu, ambao mmeniomba asubuhi hii nisiongee sana. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe, shemeji, unayestaafu leo ukuu wa maabara, ambaye kwa ajili yako tumepangiwa viti hivi: nawasalimu nyote, mwenye cheo kwa cheo chake na asiye na cheo kwa utu wake, ambao hauna umri wa kustaafu.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya familia. Mwongozaji wa shughuli alinipa muda wa kutosha kabisa, halafu akauliza nafanya kazi gani, nikamwambia nafundisha falsafa chuoni, naye akaupunguza palepale. Simlaumu hata kidogo, maana hata wanafunzi wangu wangefanya hivyo kama wangekuwa na madaraka. Ukumbi huu, kwa wasiojua, mpaka wiki iliyopita ulikuwa stoo ya mabomba, na ukivuta pumzi vizuri utasikia grisi na klorini chini ya manukato ya wageni. Naona pia kwamba meza kuu ya sherehe ya idara ya maji imewekewa maji ya dukani. Hilo wenyeji mtalijibu wenyewe, mimi nimeliona tu.

Mheshimiwa, nilikuja na hotuba iliyoandikwa. Ilikuwa na shukrani, ilikuwa na maneno mazuri kuhusu uvumilivu wa mke wa kaka yangu, na ilikuwa fupi kama nilivyoagizwa. Lakini wewe umenitangulia kusema. Umetuonyesha mashine mpya pale nyuma ya kioo, tumeiona ikiwaka taa, tumeona ikilishwa chupa za maji leo asubuhi na inaendelea kuzifanyia kazi hata sasa ninapozungumza. Ukasema mashine hii haichoki, haina jamaa, haina upendeleo, na kwa hiyo kuanzia wiki ijayo maabara itaachana na kile ulichokiita michezo ya chupa. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, kwa adabu. Kisha nikamtazama shemeji yangu, nikamwona anaangalia sakafu. Namjua tangu alipoletwa nyumbani kwetu akiwa bibi harusi, na hata siku ile, siku ambayo bibi harusi anaruhusiwa kuangalia chini, alituangalia sote usoni, mmoja baada ya mwingine, kama anayetukagua. Leo anaangalia sakafu. Nikaikunja karatasi yangu nikaitia mfukoni. Naomba ruhusa yako, Mheshimiwa, nikupinge kwa heshima, nikiwa mgeni ambaye chakula chenu nimeshakila na hamwezi kukidai tena.

Kwanza nieleze michezo hiyo ya chupa, kwa sababu humu kuna wageni wasiojua tunabishania nini. Kila asubuhi magari huleta chupa za maji kutoka visimani, kwenye matangi na kwenye mabomba ya mitaani. Kila chupa hupewa namba na jina la mahali huondolewa, ili mpimaji apime maji tu, asijue ni ya mtaa wa nani. Shemeji alipokabidhiwa maabara aliongeza jambo moja. Mtumishi mmoja, kwa zamu, huandaa chupa yake mwenyewe kwa siri na kuichanganya na zile nyingine. Ndani anaweza kutia maji aliyoyachemsha na kuyachuja mpaka hayana kitu, au akatia maji ya mtaro. Hamwambii mtu yeyote, hata mkuu wake. Wenzake wanaipima kama wanavyopima nyingine zote. Majibu yakishaandikwa, na kabla hayajatoka nje ya mlango, ndipo mwenye zamu husema: namba fulani ilikuwa yangu, na ndani niliweka hiki. Kama wapimaji wamepatia, majibu ya siku hiyo yanatoka. Kama wamekosea, halitoki jibu hata moja, liwe zuri namna gani, hata likidaiwa na nani. Wenyewe wanaiita chupa bubu, kwa kuwa haisemi imetoka wapi.

Mwanzoni walimnunia. Fundi mmoja wa maabara, ambaye sasa ni marehemu na alikuwa mtu wa kusema wazi, alimfuata ofisini akamwambia, "Mama, yaani hutuamini?" Akamjibu, "Nawaamini sana. Ndiyo maana nitakuwa napima pamoja nanyi, na chupa hiyo itanipima na mimi."

Sasa nyinyi mnaomjua kazini mnamwita Mama Umepimaje, na mnadhani jina hilo mlilibuni nyinyi. Mimi nililisikia kabla yenu, jikoni kwake, tena nikilia kwa sababu ya vitunguu. Sisi wawili tumebishana jikoni mle maisha yetu yote ya utu uzima, yeye akipika na mimi nikijifanya nasaidia. Mimi nilikuwa naamini, na nilikuwa nalipwa mshahara kwa kuamini, kwamba binadamu kwa asili yake ni mwema na anaupenda ukweli, na ukimwona anadanganya, basi kuna aliyemharibu njiani. Nilikuwa na hoja zangu zimepangwa vizuri kama sahani kabatini. Yeye atasikiliza mpaka mwisho, ataonja mchuzi, halafu atauliza, "Shemeji, umepimaje?"

"Kwa hiyo wewe unasema binadamu ni mbaya?"

"Nani kasema mbaya? Binadamu ana haraka, basi. Mpe jibu linalompendeza, atalikaribisha ndani bila kuliuliza limetoka wapi. Mpe lisilompendeza, atalihoji mpaka lichoke lenyewe."

"Na mtu mwadilifu je?"

"Huyo naye ni vilevile. Ila yanayompendeza yeye ni mengine."

Sentensi hiyo ya mwisho sikuielewa. Nilicheka, nikadhani ni maneno ya kumalizia mjadala kwa sababu chakula kilikuwa kimeiva.

Siku nyingine nilidhani nimemkamata. Nikamwambia: shemeji, sayansi yako ina mpaka. Hadubini inakuonyesha kwamba maji haya yana vijidudu. Haikuonyeshi kwamba ni lazima uwaambie wanaoyanywa. Hiyo "lazima" umeiona kwenye kisahani gani cha kuoteshea vijidudu? Akasimamisha kisu juu ya kitunguu, nami nikajua leo nimeshinda, tena nikaanza kufikiria nitakavyowasimulia walimu wenzangu. Akasema, "Kwenye kisahani haimo. Hapo umesema kweli. Mimi naipata kwa kuwa na mimi nanywa maji." Nikamwambia hiyo si hoja ya kifalsafa. Akasema yeye hajasema ni ya kifalsafa, na je, zile karoti nimeshazimenya? Ndugu wageni, nimesoma vitabu vingi vinavyotafuta mahali ambapo ujuzi wa mambo yalivyo unakutana na wajibu wa kutenda, na mpaka leo sina jibu fupi kuliko hilo alilonipa akiwa na kisu cha vitunguu mkononi.

Nafika sasa mahali ambapo watoto waliniomba nisifike. Shemeji ameniruhusu. Nilimuuliza jana, akasema, "Sema yote, ila usinifanye mtakatifu." Kaka hakuniruhusu wala hakunikataza, alisema, "Wewe huwa unasema hata ukikatazwa," nami nimelichukua hilo kama ruhusa.

Wazee wa mji huu mnakikumbuka kisima cha mtaa wa juu. Kaka yangu ndiye aliyekichimba. Mtaa ule haukuwa na maji, watu walikuwa wakichota kwenye bwawa la chini pamoja na ng'ombe, na wahandisi wenzake walimwambia asipoteze muda kule, hakuna kitu chini ya yale mawe. Yeye akang'ang'ana. Alitoka nyumbani alfajiri na kurudi mwekundu kwa vumbi, mpaka mama yetu, Mungu amrehemu, akawa anamuuliza kama ameoa ardhi. Na maji yakatoka. Siku ile watu wa mtaa wa juu walimbeba juujuu. Sijawahi kumwona kaka yangu akiwa na furaha namna ile, na niseme wazi kwamba nilimwonea wivu, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumbeba mwalimu wa falsafa.

Maji ya kisima kile yakaja maabara kupimwa, yakapewa namba kama mengine. Majibu yakasema ni machafu. Shemeji akaagiza yapimwe upya. Yakawa machafu tena. Namba zilipounganishwa na majina ya mahali, ndipo alipojua kwamba ni kisima cha mumewe. Bado jambo moja lilikuwa halijafanyika: chupa bubu ilikuwa haijafunguliwa siri yake. Mwenye zamu, binti mmoja aliyekuwa mgeni kazini, alikuwa ametoka na gari kwenda vijijini kuchukua maji, na gari likaharibika hukohuko. Wakati ule simu za mkononi zilikuwa bado habari za kusimuliwa. Sheria, ambayo aliiweka shemeji mwenyewe, ilisema majibu yasubiri.

Hakusubiri. Mtu ambaye hakuwahi kuivunja sheria ile kwa ajili ya mkuu yeyote, wala kwa ajili ya waziri aliyepiga simu akifoka, aliivunja siku ile. Kwa nini? Niliwahi kumuuliza, akanijibu bila kuzunguka. Alisema aliwasikia watu kichwani mwake. Aliwasikia wakisema, mnaona, jibu la mumewe amelikalia. Akasema hakuweza kuvumilia hata siku moja ya kudhaniwa hivyo. Akatia sahihi, kisima kikafungwa kufuli.

Mnajua kilichofuata? Alisifiwa. Redio ilimwita mwanamke asiyeyumba, ambaye hata kazi ya mumewe mwenyewe hakuionea haya. Ofisi yake ilijaa maua. Walimu wenzangu walinipongeza mimi, kana kwamba uadilifu unaambukizwa kwa kuoleana. Nami, niwaambie ukweli, nilijisikia fahari. Kaka yangu huku mitaani akapewa jina jipya, Mhandisi wa Matope, na wale waliombeba walikuwa wakivuka barabara wakimwona. Na watu wa mtaa wa juu, kwa kuwa lazima wanywe, walirudi kwenye lile bwawa. Watoto wao wakaugua matumbo. Wengine walilazwa.

Halafu lile gari likatengenezwa na yule binti akarudi. Yaliyotokea ofisini nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na masimulizi yao yanalingana, jambo ambalo ni nadra hata katika ndoa. Binti aliingia akaomba afunge mlango.

"Mama, chupa bubu ilikuwa namba sita."

"Sita ni chafu. Uliweka ya mtaro?"

"Hapana, mama. Niliweka safi. Niliichemsha mwenyewe, nikaichuja mwenyewe. Sisi ndio tumeiona chafu."

Mpira wa mfuniko wa kile chombo cha mvuke cha kusafishia chupa ulikuwa umelegea. Kreti moja ya chupa haikusafishika, na katika kreti hiyo ndimo zilimotoka chupa ya binti na chupa za kisima cha mtaa wa juu, zile za mara ya kwanza na zile za kurudia. Uchafu ulikuwa wetu, wa maabara. Shemeji alikuwa ameketi katikati ya maua yale, na swali la kwanza lililomtoka mdomoni, swali ambalo anasema linamtia aibu mpaka leo, lilikuwa hili: "Nani mwingine anajua?"

Naomba tusimame hapo kidogo. Huyu ndiye mtu mkweli kuliko wote ninaowajua, na hilo ndilo lililomtoka. Je, mimi ningeuliza nini? Wewe ungeuliza nini, wewe mwenye kucheka pale safu ya nyuma? Yule binti alikuwa na kazi ya miezi michache tu, mama yake alikuwa akimtegemea, na mbele yake alikuwa mkuu ambaye mji mzima unamwimba. Akajibu, "Mimi na wewe, mama. Ila mimi sitaweza kunyamaza." Kisha shemeji akainuka, akachukua mkoba wake, akasema, "Basi twende tukamwambie kila mtu, kabla sijapata sababu nzuri ya kutokwenda."

Wakaenda redioni, kwa mtangazaji yuleyule. Kisha wakapanda mtaa wa juu, akasimama karibu na kufuli aliyoiweka mwenyewe, akawaambia watu kwamba alikosea, kwamba hakusubiri pale alipotakiwa kusubiri, na kwamba kisima kitapimwa upya mbele ya macho yao kwa chupa mpya. Wapo waliomtukana. Wapo waliosema ni ujanja, mumewe amembana. Na mama mmoja aliyekuwa amembeba mtoto mgongoni alimuuliza swali moja tu: "Na huyu wangu aliyelazwa je?" Shemeji alimtazama usoni. Alimwambia, "Sina la kukuambia, mama. Nisamehe." Sayansi haina jibu la swali lile. Falsafa nayo haina, nimelitafuta.

Na kaka je? Mnadhani alifurahi? Kisima chake kilipimwa upya kikaonekana safi, jina lake likasafishwa, watu wakaanza tena kumsalimia. Siku hiyohiyo alifungasha nguo akaja kulala kwangu sebuleni. Alikuwa amevumilia alipofungiwa kisima; alipofunguliwa ndipo alipokasirika. Alikaa kwangu akila chakula cha mke wangu na kukisema vibaya, mpaka shemeji alipokuja. Hakuja kubembeleza. Alisimama mlangoni, nami nikajifanya nasoma gazeti.

"Ungeniuliza," kaka akasema.

"Ungeniambia nini?"

"Ningekuambia maji ni safi."

"Ungejuaje?"

Kaka akasema neno lililoniumiza hata mimi niliyekuwa nyuma ya gazeti: "Kwa hiyo hata mimi, kwako, ni chupa tu. Kwanza uliamini chupa kuliko mimi, na sasa unaniamini kwa sababu chupa imekuruhusu."

Shemeji akamjibu polepole. "Wewe nakupenda. Kukupenda hakupimi maji. Lakini nilikukosea, na kosa lenyewe silo unalolidhani. Niliogopa kuonekana nakupendelea kuliko nilivyoogopa kukosea. Watu wakaniita mwadilifu, na uadilifu wenyewe ulikuwa ni woga uliovaa nguo nzuri."

Kaka akainuka, akachukua shati lake kwenye mgongo wa kiti changu, akasema, "Twende. Chakula cha hapa hakina chumvi." Mke wangu yuko humu ukumbini na mpaka leo hajamsamehe.

Ndugu wageni, tangu siku ile nimebadilisha namna ninavyofundisha. Zamani nilikuwa nawauliza wanafunzi: binadamu ni mwema au mbaya? Wanapenda swali hilo, wanapiga kelele sana, na kipindi kinaisha haraka. Sasa nawauliza: siku utakayokosea huku moyo wako ni mweupe kabisa, nani atakuambia, na umemwandalia njia gani ya kukufikia? Hapo darasa hunyamaza. Tumelelewa kuogopa mwongo, na ni sawa, aogopwe. Lakini ni nani aliyetufundisha kumwangalia kwa makini mtu mwenye nia njema anayeamini kwamba nia yake inatosha? Mwongo anajua anachokificha, kwa hiyo kuna siku atateleza. Mwenye nia njema hana cha kuficha, anatembea kifua mbele, na watu wanampigia makofi njia nzima hadi bwawani.

Kwa hiyo, shemeji, sitakusifu kwa uaminifu, maana waaminifu wako wengi, na ulinikataza. Nakusifu kwa jambo hili moja: ulijua mapema kwamba siku utakayokosea utajiona uko sahihi kabisa, na ukamweka mtu wa kukuambia, ukampa chupa, na ukampa haki ya kuja kukufungia mlango wa ofisi. Hata ulipoivunja sheria yako, sheria ilikufuata mpaka ikakukuta. Nakupenda sana kwa hilo, na nimechelewa kukuambia kwa sababu jikoni siku zote kulikuwa na kitu kinaungua.

Sasa narudi kwako, Mheshimiwa Mkurugenzi. Umesema mashine haina jamaa, na ni kweli. Lakini sisi tutakaosoma majibu yake tuna jamaa. Tuna vyeo, tuna uchovu, tuna wakubwa wanaosubiri jibu fulani, tuna sherehe za uzinduzi ambazo zingeharibika vibaya kama jibu lingekuja baya. Hata mpira wa mashine hii siku moja utalegea. Chombo cha zamani nacho kililetwa na mkurugenzi, nacho kilipigiwa makofi, na shemeji anasema siku ile waliambiwa kwamba hakikosei. Mashine itaendelea kutujibu kwa sauti ileile ya uhakika, iwe inasema kweli au la, nasi tutaendelea kupenda majibu mengine kuliko mengine kama tulivyo. Je, kitu kilichowekwa kwa ajili ya mioyo yetu kinaondolewa kwa sababu tumenunua chombo bora? Unao uwezo wa kuiondoa chupa bubu, hilo silibishi. Nakuomba usiiondoe.

Na kuna mtu mwingine ninayetaka kumuuliza, kwa kuwa yeye ndiye atakayebaki na kazi hii mikononi. Yule binti wa namba sita, ambaye sasa ni mama wa watu na si mwepesi wa maneno, ndiye aliyekabidhiwa leo funguo za maabara. Yule pale, amekaa karibu na mlango wa kioo kwa sababu hataki kuiacha mashine peke yake. Mkuu wa maabara, samahani kwa kukusimamisha mbele za watu. Umesikia agizo la Mkurugenzi na umesikia maombi yangu. Tuambie tu: chupa bubu itakuwepo au haitakuwepo?

Sema tena, wa nyuma hawakusikia.

Anasema ipo. Anasema ameiweka leo asubuhi, kati ya zile chupa zilizoingia kwenye mashine Mheshimiwa alipokata utepe. Imo humo ndani sasa hivi. Na majibu? Anasema vijidudu haviharakishwi na sherehe, majibu ni kesho mchana.

Mheshimiwa, usinitazame mimi, mimi sikujua. Kaka, acha kucheka. Ndiyo, Mheshimiwa, nimesikia, ngoja nimfikishie: Mheshimiwa Mkurugenzi anauliza ni chupa namba ngapi.

Ndugu wageni, anasema hawezi kumwambia.

Na amebaki amesimama. Shemeji yangu ameinua uso, anamwangalia, na analia mbele ya watu bila kujificha, jambo ambalo sijawahi kuliona katika nyumba yetu. Basi nami sina la kuongeza. Nawashukuru wote mlionivumilia kupita muda niliopewa. Nakushukuru wewe, Mheshimiwa, ambaye naona umekaa na umekubali kusubiri kama sisi. Mpaka kesho mchana hakuna hata mmoja wetu humu ndani anayejua kama mashine imepatia. Darasani mimi hali hiyo naiita unyenyekevu. Hapa, kwa miaka yote ya shemeji yangu, wameiita kazi.